Jina la Nne kwenye Ruta

Kibiti, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Rukia,

Amani ya Mungu ikukute umeamka salama. Barua hii utaikuta juu ya begi lako, na chini yake utakuta kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Usikifungue kitambaa hicho kabla hujamaliza kusoma. Hilo ndilo agizo pekee la barua hii. Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za kutompa mtu begi lako stendi nimeshazisema mpaka umezichoka, nawe unazijua kuliko mimi.

Jioni ya leo ulizitoa nguo zako begini, ukazirudisha kabatini moja moja, ukaniambia, "Sikuachi humu ndani na huyo mtu." Nilikukaripia. Nilisema kwamba kazi ya maabara huko Sumbawanga haitakungoja, na kwamba usiporipoti Jumatatu nafasi yako atapewa mwingine. Ukajibu, "Apewe." Neno moja tu, ukaingia chumbani. Mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha kwamba jibu fupi la kweli hushinda maelezo marefu. Lakini liko jambo ambalo ningeweza kulisema tangu mwezi uliopita, na sikulisema. Nimejaribu kulisema kwa mdomo mara kadhaa, na kila mara nimejikuta nikikuuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Sasa naliandika.

Humu ndani hamna mtu unayemfikiria. Yumo mmoja anayekutisha, nami namjua.

Unakumbuka jinsi kile kisanduku cha runinga kilivyoingia katika nyumba hii. Kaka yako Hemedi alikileta kutoka Dar es Salaam kikiwa tayari kimeshatumika kwa mtu mwingine, cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, mgongo wake una mkwaruzo. Nilikataa. Nilimwambia runinga ninayo, nayo inaonyesha taarifa ya habari, na zaidi ya taarifa ya habari sihitaji.

"Mama, hiki si runinga," akasema. "Hiki ni dirisha."

"Dirisha ninalo. Linafunguka bila intaneti."

"Lakini hilo lako linaonyesha choo cha jirani."

Tulicheka sote watatu, nami nikashindwa. Akakiunganisha na ruta yetu ya intaneti, ile ya laini ya simu uliyoiweka dirishani ili ipate kuuona mnara. Akanionyesha jinsi ya kutafuta visomo vya Kurani na zile filamu za wanyama nilizozipenda baadaye kuliko nilivyokiri. Alikifungua kwa akaunti yake mwenyewe. "Nimekuwekea jina langu, Mama, usihangaike na nywila." Ndiyo maana kisanduku kilipokaa bila kazi, kioo cha runinga kilipitisha picha alizozipiga kwa simu yake: harusi, mbuzi, mapaa ya Salale, kijiji cha mtoni, aliyoyafungia sola. Ulikuwa ukiniita jikoni, "Mama, njoo uone alikokuwa jana." Tulijua alikokuwa mwanangu kwa kutazama ukutani.

Masika yaliyopita Hemedi alifariki. Wewe ulikuwa chuoni, ukaambiwa yaliyoweza kuambiwa mtu aliye njiani. Uliambiwa kwamba boti aliyopanda kutoka Salale kurudi Nyamisati iligonga kisiki cha mkoko kwenye mkono mmoja wa mto, wakati maji yanajaa, ikapinduka, na kwamba abiria wengine walivutwa upande mmoja na yeye upande mwingine. Hayo ni kweli. Ulipofika uliniuliza, "Simu yake iko wapi?" Nikakujibu, "Ilizama pamoja naye."

Huo ulikuwa uongo, Rukia. Niliusema kwa sentensi kamili, nikikutazama machoni.

Aliyempata kaka yako ni Mzee Mkumba, mvuvi wa kamba wa Salale. Alimkuta asubuhi iliyofuata, maji yalipotoka, ameketi katikati ya mizizi ya mikoko kama mtu aliyepumzika, mkono mmoja umeishika mizizi. Shingoni alikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, kama wote wanaosafiri kwa boti wanavyofunga simu zao. Mzee Mkumba aliniletea mfuko ule hapa nyumbani siku ya pili ya matanga. Alikaa barazani, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, haikuingia maji hata tone. Kijana alijua kufunga." Kisha akatazama chini, akaongeza, "Alikaa pale muda. Si kwamba alikwenda mara moja. Nakwambia kwa kuwa wewe ni mtu wa kutaka kuambiwa."

Niliingia chumbani nikaifungua. Kioo kikawaka. Simu zake mbili za mwisho zilikuwa zimepigwa kwangu.

Sasa lazima nikueleze jambo ambalo umelijua maisha yako yote bila kujua lilikotoka. Bibi yangu aliyenilea alikuwa mtu wa milima ya Matumbi. Alinifundisha kwamba ukiwa shambani au msituni ukasikia unaitwa jina lako na humwoni mwitaji, usiitike mara ya kwanza, wala mara ya pili. Kisicho mtu, alisema, huweza kuiga sauti ya mama yako, lakini hakiwezi kuita mara tatu. Ngoja mara ya tatu ndipo uitike. Nilipokuwa mwalimu niliona haya kusema mambo ya visivyo watu mbele ya darasa. Kwa hiyo nilitupa sababu, nikabaki na sheria. Nikaiita adabu. Nikawaambia wanafunzi, na baadaye nikawaambia ninyi, kwamba asiye na shida huita mara moja akachoka, na mwenye shida ya kweli huita mara tatu. Zilipokuja simu za mkononi, nikaihamishia sheria huko. Mji mzima unajua: Mwalimu hapokei mpaka apigiwe mara ya tatu. Mlikuwa mkinitania. Hemedi alikuwa akibonyeza mara mbili haraka haraka na kukata, halafu anapiga ya tatu akisema, "Sasa mimi ni binadamu, Mama, shikamoo."

Alasiri ile nilikuwa nimeketi mbele ya runinga. Nilikuwa nikitazama filamu ya ndege wa ziwani, ikakwama. Lile duara dogo likaanza kuzunguka katikati ya kioo cheusi. Simu ikalia mezani. Nikaona jina lake. Nikangoja. Ikakatika. Nikarudisha macho kwenye duara. Ikalia tena, na safari hii ililia mpaka mwisho wa mlio wake. Nikaweka mkono karibu nayo, tayari kwa ya tatu.

Duara likaondoka. Ndege wakaanza kuruka. Nikatazama ndege.

Sijui kama ningemwokoa. Mzee Mkumba alisema boti mbili zilikuwa mkono wa pili wa mto saa ile, na kwamba Nyamisati kuna watu ambao wangepigiwa simu wangetoka. Aliyasema hayo bila kujua anamwambia nani. Mimi nafuta maneno hayo kila siku, na kila siku nayakuta yameandikwa tena. Nilifuta simu zile mbili kwenye simu yangu. Ile yake sikuweza kuifuta kitu. Niliizima, nikaifunga kwa kitambaa, nikaitia ndani ya sanduku la chuma lenye vyeti vyenu, nikakwambia imezama.

Ikakaa huko miezi kadhaa. Kisha ukaja na barua ya kazi. Ulifurahi, nami nilifurahi. Hilo usilitilie shaka. Ukanituma nikutafutie cheti chako cha kuzaliwa, nikafungua sanduku, na mkono wangu ukaigusa kabla ya kukigusa cheti. Siku iliyofuata, ulipokwenda sokoni, niliitia chaja. Nilijiambia nataka kuona tu kama bado inawaka. Iliwaka. Nikaandika namba ya siri, ambayo ni mwaka niliomzaa. Laini yake ilikuwa imeshafungwa, haiwezi kupiga wala kupigiwa, lakini nilikaa nayo mapajani kuanzia saa tisa na nusu mpaka adhana ya magharibi. Ukiniuliza nilikuwa nikifanya nini, jibu ni kwamba nilikuwa nikingoja mara ya tatu. Ni jibu la mtu asiye na akili timamu, lakini ndilo la kweli. Kesho yake nikafanya vivyo hivyo, na keshokutwa. Ulidhani nimejifungia chumbani nikisali na kuvuta uradi.

Wiki hiyohiyo kisanduku kikaanza kusota. Kilikuwa kizee, kila mtu alijua, na kukwama kwake kulikuwa kwa kawaida. Lakini sasa kila alasiri kilikuwa hakisogei kabisa. Ulikifanyia kila ulilolijua. Ulikizima ukakichomoa ukangoja dakika moja ukakirudisha. Ulizima na ruta pia. Ulifuta programu alizoziweka Hemedi ambazo hatukuzitumia, ukafuta zile ulizoziita takataka zilizorundikana kumbukumbuni. Ulikitoa nyuma ya runinga ukisema bati la mgongo wake linaziba mawimbi, ukakining'iniza pembeni kwa uzi. Ulikisasisha, na kazi hiyo ilikula siku nzima. Asubuhi kilikwenda vizuri. Ikifika saa tisa na nusu, duara.

Siku moja ukasema, "Mama, lazima kuna mtu anaitumia intaneti yetu." Ukafungua ukurasa wa ruta kwenye simu yako ili uone ni vifaa gani vimeunganishwa. Mimi nilikuwa nimetoka chumbani kuchukua maji. Ukasoma kwa sauti: simu yako, simu yangu, kisanduku. Kisha ukaisogeza simu karibu na macho. Nilikuwa nimekupa mgongo.

"Mama. Kuna jina la nne."

"La jirani huyo."

"Limeandikwa Simu ya Hemedi."

Bilauri niliyoishika haikuanguka. Ningependa kukwambia kwamba ilianguka. Niliiweka mezani taratibu, nikasema ni kosa la mashine, mashine hukumbuka mambo ya zamani.

Siku mbili baadaye zikaanza picha. Ulikuwa umekiacha kisanduku bila kazi, ukiwa unapiga pasi. Ukaniita, si kama ulivyokuwa ukiniita zamani. Kwenye kioo palikuwa na mizizi ya mikoko, maji yametoka, tope linang'aa. Hatukuwahi kuiona picha ile. Siku ya pili ikaja ya omo, sehemu ya mbele ya boti, na mabeseni mawili. Siku ya tatu, mgongo wa mtu aliyevaa kofia ya bluu. Siku ya nne, kivuli cha mtu juu ya maji, ameinua mkono ulioshika simu, na kivuli kile ulikitambua kwa mabega yake. Ukaketi chini pale pale, pasi ikaunguza kanga.

"Anazileta moja moja," ulisema. "Mama, anakuja."

Naapa kwamba siku zile za kwanza niliogopa kama wewe. Sikuwa nimejua kwamba simu iliyowashwa, hata bila laini, huweza kuipata ruta inayoikumbuka na kuanza kupeleka peke yake vitu vilivyobaki. Wewe ndiye uliyenifundisha, bila kujua unachonifundisha. Uliandika saa kwenye karatasi kama mtu wa maabara: jina linaingia saa tisa na nusu, linatoka magharibi, kila siku. Niliisoma karatasi ile nikaona ni ratiba yangu. Nikakuuliza, nikijifanya nauliza jambo la mbali, "Je, simu isiyo na laini inaweza kutuma picha yenyewe?"

"Inaweza, ikipata intaneti. Inazirundika huko, halafu inazipeleka taratibu. Ndiyo inayokula kasi yetu yote." Kisha ukanitazama. "Lakini Mama, hiyo simu iko chini ya maji."

Pale ndipo mlango wa kusema kweli ulipokuwa wazi kabisa. Ulikuwa umeufungua wewe. Niliinuka nikaenda kuinjika chai.

Na kesho yake, saa tisa na nusu, nikaiwasha tena. Hili ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko uongo. Nilijua sasa kinachokutisha ni nini, nikaendelea kukitenda. Ningeweza kuzitazama picha zote ndani ya simu kwa dakika tano, lakini huko ndani kulikuwa na zile simu mbili, nami sikutaka kupita mbele yake. Ukutani zilikuja kama zamani, kana kwamba yuko njiani na anatuonyesha alipofika. Nilikaa chumbani na simu ya mwanangu mapajani, nikimsikiliza binti yangu akilia sebuleni, nikingoja uniite nije nione picha mpya. Nami nilikuja kila siku, nikaweka mkono mdomoni kama mtu anayeshangaa.

Halafu akaja shangazi yako Mwajuma na ubani wake. Alizunguka vyumba vyote, akasimama mlangoni mwa chumba changu, akanusa.

"Mwalimu, nyumba hii ina mtu."

"Ina watu wawili, na wewe wa tatu, na chai haijaiva."

"Wewe cheka tu. Kuna mtu humu hajaitikiwa."

Alilisema vile vile, Rukia, hajaitikiwa. Kisha akauweka msahafu mdogo kando ya kisanduku na kuniambia nisikiguse. Wewe ulicheka kidogo siku ile, nikadhani umepona. Lakini ulianza kulala na taa, ukaanza kuuacha wazi mlango wa chumba chako kama ulivyokuwa na miaka sita, na mwili wako ukapungua mpaka gauni la Idi likakupwaya. Wiki iliyopita ukaanza kusema kazi hiyo si lazima. Nilipokusikia ukisema hivyo, moyo wangu ulifanya jambo ambalo nisingependa mtu alione. Ulitulia. Nimejiuliza tangu siku ile kama nilikuwa nikiwasha simu kwa ajili ya Hemedi peke yake, au kwa sababu kila ilipowaka wewe ulizidi kunishika mkono. Sina hakika na jibu. Nakuandikia swali kama lilivyo.

Leo, baada ya wewe kusema "Apewe," nilikwenda chumbani, nikaipita hofu yangu, nikazitazama picha zote zilizomo ndani ya simu. Ni kumi na saba za siku ile. Zote zimepigwa mchana, kabla ya ajali, ila moja. Ile moja ni weupe wa nailoni tu, una ukungu, na ndani ya ukungu vidole viwili. Nadhani alikosea kubonyeza akiwa anatafuta jina langu kupitia mfuko. Hiyo utaiona ukitaka, na usipotaka usiione.

Liko jambo moja nisiloweza kulieleza, nami nimeapa barua hii isiwe na jambo lililofichwa. Ijumaa kioo kilionyesha picha ya mlango wetu wa mbele, umefungwa, imepigwa kutoka nje. Ilikaa kitambo kidogo ikapita, na haikurudi tena. Nimeitafuta ndani ya simu, nayo haimo. Huenda aliipiga alfajiri alipokuwa akiondoka, kisha akaifuta kwenye simu, ikabaki huko mtandaoni zinakohifadhiwa. Hayo ni maelezo ya kutosha. Lakini unakumbuka tulivyobishana. Wewe ulisema mlango ule ulikuwa wa bluu. Mimi nilisema ulikuwa wa kijani. Mlango wetu ulikuwa wa kijani alipokuwa hai, na bluu tuliupaka baada ya arobaini. Nimewafundisha watoto wengi kwamba mwanafunzi asiyejua jibu asijaze mstari kwa maneno mengi, aandike, sijui. Sijui, Rukia. Macho yangu ni mazee na yako yalikuwa na machozi. Nakuachia hivyo.

Baada ya hapo nilifanya kazi ambayo umekuwa ukiifanya mwezi mzima bila kufanikiwa. Niliizima simu. Nikafungua ukurasa wa ruta kwa kuifuata karatasi uliyoniandikia, kidole kimoja kimoja. Majina yalikuwa matatu. Nikakizima kisanduku, nikakichomoa, nikahesabu sitini, nikakirudisha. Nikaitafuta ile filamu ya ndege wa ziwani, ambayo sijaigusa tangu masika. Haikukwama hata mara moja. Ilikwenda mpaka mwisho kama maji. Nilikaa nikiitazama hali nikiomba ikwame, ikwame mahali popote, nami nipewe tena ule muda wa kungoja, na simu mezani, na mkono wangu karibu nayo. Haikukwama. Kisanduku kimepona. Ilipokwisha kioo kikawa cheusi, nikamwona ndani yake mwanamke ameketi peke yake sebuleni, na nilichukua muda kumtambua. Huyo ndiye mtu uliyekuwa ukimwogopa. Ndiye aliyekuwa akiingia saa tisa na nusu na kutoka magharibi. Hakuna mwingine ninayeweza kuapa kwamba yumo.

Kwa hiyo usibaki kunilinda naye. Huwezi, kwa kuwa nitabaki naye popote nitakapokuwa, nami nimeanza leo kumzoea. Rudisha nguo zako begini. Shangazi yako atakuja kukaa nami mpaka mwisho wa mwezi. Nimempigia jioni hii. Alipokea kwa mlio wa kwanza, akapiga kelele, "Mwalimu! Nani amekufa?" kwa sababu hajawahi kupigiwa na mimi saa zile. Nikamwambia hajafa mtu. Nikamwambia alisema kweli kuhusu aliyekuwa hajaitikiwa, na kwamba atanikuta nimempikia wali wa nazi, aache ubani kwake.

Sikuombi unisamehe asubuhi, ukiwa na haraka ya basi. Msamaha wa stendi haufai kitu. Nenda nayo hasira yako mpaka Sumbawanga, uichunguze huko vizuri kwa vyombo vyenu, kisha uniambie umekuta nini. Ukiwa na neno kali, liandike lote. Nitalisoma bila kalamu nyekundu.

Kitambaani mna simu ya kaka yako. Imezimwa, na namba ya siri unaijua sasa. Ni yako. Uiwashe au usiiwashe, uzihifadhi picha au uzifute, uzitazame zile simu mbili au uzipite, sitakuuliza. Mimi nimeishika kwa muda mrefu kuliko haki yangu.

Nami siku moja nitakuwa na wajukuu, Mungu akipenda, na watakulia mbali na macho yangu. Usiwarithishe sheria yangu. Wakiitwa, waitike. Kama kiitacho si mtu, basi kitakuwa kimepata salamu, na salamu haijamuua mtu yeyote ninayemjua. Mimi namjua aliyekufa kwa kukosa kuitikiwa.

Basi litapita kabla jua halijatoka. Nitakusindikiza mpaka barabarani, na huenda nitazungumza habari za chandarua, kwa kuwa mdomo wangu haujajifunza yaliyoandikwa na mkono. Wewe panda. Na ukifika, hata ikiwa usiku gani, nipigie mara moja tu. Usipige ya pili. Nitaitika kabla sijajua ni nani.

Aliyekuzaa na kukuchelewesha,
Mama